Santuri Yangu Iliyobaki Ng'ambo

Afisa utamaduni alinisikiliza hadi mwisho, akakuna shingo kwa kalamu, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeshaulizwa Bunda, nimeulizwa kwa katibu tarafa, na hata nimeulizwa na mpishi wa shule yetu.

"Sasa mwalimu, hiyo bendi ni ya nani?"

"Si bendi," nikamwambia. "Ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na gitaa."

Alitazama mlangoni, kana kwamba wenzangu walikuwa wamekwama kwenye ngazi na wangeingia wakati wowote. Hakuwa mtu mbaya. Bendi zote alizozijua zilikuwa na mwenyewe: kulikuwa na ya polisi, ya jeshi, ya vijana, ya shirika hili na ya shirika lile. Kwaya zilikuwa za kanisa au za kijiji. Ngoma zilikuwa za ukoo. Mtu mmoja mwenye gitaa lake na nyimbo zake, ambaye hakutumwa na yeyote, kwake alikuwa kama ng'ombe asiye na alama. Lazima kuna zizi alikotoroka.

Nilikuwa nimepanda lori la pamba kutoka Bunda hadi Musoma kuomba vitu viwili. Cha kwanza, nipewe ukumbi Jumamosi moja. Cha pili, aniandikie utambulisho kwa redio ya taifa, Dar es Salaam, ili nirekodi nyimbo zangu. Siku hizo hapakuwa na njia nyingine ya kurekodi ndani ya nchi, au mimi sikuijua.

"Redio wanarekodi vikundi," akasema. "Undeni kikundi. Walimu wa Bunda hamko wachache."

"Wenzangu hawapigi muziki huu."

"Ni muziki gani hasa? Niimbie kidogo."

Nikamwimbia pale pale, kwa sauti ya chini, karani wa chumba cha pili akiwa ameacha kupiga taipu ili asikie. Ulikuwa wimbo wa mtu anayemngoja mwingine aliyeondoka. Afisa alifumba macho. Nilipomaliza akasema, "Wimbo mzuri sana huu." Moyo wangu ukapanda. Akaendelea, "Sasa hapo unaposema 'wewe', weka 'pamba'. Pamba, nimekungoja tangu mvua za vuli. Unaona? Linaingia lenyewe."

"Ndugu afisa, wimbo ni wa mtu aliyeondoka."

"Hata pamba inaondokaga. Inakwenda jineri kuchambuliwa." Alitabasamu, akijua amenisaidia. "Na wewe mwenyewe ni mtu wa Butiama, mwalimu. Watu wanatutazama."

Hilo la Butiama, kijiji cha Rais, niliambiwa maisha yangu yote ya ujana. Nikichelewa shule: na wewe unatoka Butiama. Nikivaa suruali ya bugaluu aliyoniletea kaka yangu: na wewe unatoka Butiama. Ungedhani kila aliyezaliwa maeneo yale alikuwa amekula kiapo tumboni mwa mama yake. Kwetu palikuwa na mtama, muhogo, ng'ombe na baba aliyependa kunyamaza, basi. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, tukabaki na mama, kaka yangu na mimi.

Gitaa nilifundishwa na sista mmoja mzungu, nilipokuwa nasoma kwa masista. Alinifundisha chodi tatu za kuimbia misa, akaniambia hizo zinatosha maisha yote. Kwa misa zilitosha. Tatizo lilikuwa kaka yangu. Yeye alikuwa akifanya kazi melini, kwenye chumba cha mashine, na meli yao ilikuwa ikitoka Mwanza ikipita Musoma kwenda Kisumu. Huko Kisumu alikuwa akinunua santuri za muziki wa roki, za wazungu na za vijana wa Nairobi waliowaiga, akizileta nyumbani pamoja na gramafoni ndogo ya betri. Nilisikia gitaa linalokwaruza na kulia kwa wakati mmoja, na chini yake mtu anaimba wimbo mtamu kabisa, kana kwamba hasikii kelele zinazomzunguka. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaruhusiwa kukaa pamoja. Tangu siku hiyo nyimbo zote nilizotunga zilitaka kuwa hivyo.

Gitaa la umeme lenyewe kaka alilipata kwa mwanamuziki wa hoteli huko Kisumu aliyekuwa ameokoka na hakutaka tena kulitazama. Alilileta limefungwa kwenye blanketi. Mama alipoliona aliuliza linakula nini. Kaka akamwambia linakula betri ya gari. Mama akasema, "Basi ni afadhali ng'ombe."

Bunda, nilikokuwa nikifundisha, umeme ulikuwa jineri tu, na pale waliuhitaji kwa pamba. Kwa hiyo fundi redio wa sokoni alinitengenezea amplifaya ya betri, akaifunga ndani ya sanduku la mbao, na spika akaitoa kwenye redio kubwa iliyokufa. Spika hiyo ilikuwa imechanika kidogo upande mmoja. Ukipiga gitaa kwa nguvu ilikwaruza. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikaa chini kwenye kigoda chake. Ilikuwa ile sauti yenyewe, ile ya santuri za kaka, na mimi nilikuwa nimeipata sokoni Bunda.

Nilipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Betri ilitolewa kwenye trekta. Nilianza na wimbo niliouamini kuliko yote. Watu walisimama. Hawakusimama kucheza, walisimama kama wanaosubiri tangazo. Nilipofika kwenye kiitikio, nikapiga nyuzi kwa nguvu, spika ikanguruma, na bibi mmoja upande wa bwana harusi akamuuliza jirani yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Hiyo mashine inaumwa?"

Wimbo wa pili, mjomba wa bibi harusi alikuja akaniinamia sikioni. "Mwalimu, ni mzuri, lakini hauchezeki. Tuwekee rumba."

"Sina rumba, mzee wangu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alinitazama kwa huruma. Mwisho nikapiga wimbo wa Bikira Maria kwa zile chodi tatu za sista, na hapo ndipo wakacheza. Akina mama walipiga vigelegele. Bwana harusi alinishukuru kwa machozi. Nilirudi kwangu nimebeba gitaa begani na hasira kifuani, nikiwaza kwamba hakuna jambo linalochosha kama kusifiwa kwa kitu ambacho hukukifanya wewe.

Jumatatu yake niliiacha amplifaya kwa fundi ili abadilishe waya mmoja uliokuwa ukilegea. Nilipoifuata Jumatano alikuwa anang'aa usoni. "Nimekufanyia na nyingine bure," akasema. Nikawasha. Gitaa likatoka safi kama maji ya mtungi. Alikuwa amebandika spika. Alikuwa amechukua gundi na karatasi laini, akaziba ule mpasuko kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda cha mtoto.

"Umenizibia spika."

"Ilikuwa imechanika, mwalimu. Nilisikia watu wanasema kwenye harusi ilikuwa inaumwa. Na mimi ndiye niliyetengeneza. Nikaona aibu."

"Ile sauti ndiyo niliyoitaka. Ichane tena."

Alirudi nyuma. "Nichane?"

"Pale pale palipokuwa."

"Mwalimu, mimi ni fundi. Watu wananiona hapa. Siwezi kuchana spika nzima."

Tulibishana mpaka wauza dagaa wa meza ya pili wakaacha biashara. Wao walikuwa upande wake. Mwisho nikamwomba wembe, akakataa kunipa, nikaenda dukani nikanunua wangu, nikaichana mwenyewe mbele yake huku amegeuza uso. Haikurudi kama mwanzo. Ilikuwa inakwaruza, lakini kwa namna nyingine, ya juu zaidi, kama nyigu. Nilijifunza kuipenda hiyo pia. Sikuwa na jinsi.

Baada ya safari ile ya kwa afisa utamaduni, kaka ndiye aliyesema, "Kwa nini usiende Nairobi?" Alikuwa na rafiki Kisumu anayemjua mtu mwenye studio. Huko, alisema, hawaulizi bendi ni ya nani. Wakati huo nchi zetu zilikuwa bado katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwenda ng'ambo kulikuwa safari ya kawaida kwa watu wa Mara. Watu walikwenda Kisumu kununua sufuria. Nikangoja likizo, nikapanda meli Musoma, kaka akiwa chini kwenye mashine na mimi juu na gitaa langu kwenye blanketi, tukafika Kisumu, na kutoka hapo nikachukua treni.

Mwenye studio alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mfuko wa karanga usiokwisha. Ni kweli hakuuliza bendi ni ya nani. Aliuliza, "Wapigaji wako wako wapi?" Nikaona ni swali lile lile limevaa koti. Akaniletea wawili waliokuwa wakishinda pale nje: mpiga besi mrefu asiyesema na mpiga dramu aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Walikuwa hodari. Walishika nyimbo zangu haraka kuliko nilivyozitunga. Shida ni kwamba walizikimbiza.

"Polepole," nikasema.

"Dada, hii tukiikimbiza kidogo tu, watu watacheza."

"Sitaki wacheze."

Mpiga dramu aliweka vijiti chini. Alimtazama mpiga besi. "Anasema hataki wacheze," akamfafanulia, kana kwamba nilikuwa nimesema Kizanaki cha kwetu.

Tulirekodi nyimbo tisa. Nilikuwa nimeibeba spika yangu ndani ya kikapu, na nikakataa katakata kutumia ya kwao. Kwa wimbo mmoja tu, wa polepole kuliko yote, mpiga dramu alinielewa ghafla. Alianza kupiga nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na mpiga besi akamfuata, na mimi nikajikuta naimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa Bunda. Tulipomaliza mpiga dramu alifuta jasho kwa shati. Kisha tukasikiliza. Katikati ya ubeti wa pili, mahali ambapo gitaa linanyamaza na sauti inabaki peke yake, inasikika karanga. Mwenye studio alikuwa akitafuna. Nikaomba turudie.

"Hiyo haitasikika kwenye santuri," akasema.

Inasikika.

Alinipeleka kwa mpiga picha wa mtaa uleule. Nilivaa gauni langu la bluu, nikashika gitaa, nikapigwa picha nzuri kwa ajili ya jalada. Tukaagana vizuri. Alisema santuri zikishachapwa atazituma Kisumu kwa rafiki wa kaka, na kaka atazileta kwa meli. Studio ile sikuiona tena ikiwa studio. Nilipopita mtaa ule miaka mingi baadaye lilikuwa duka la magodoro.

Nikarudi kufundisha. Nikangoja. Mapema mwaka uliofuata kaka alifika Bunda bila taarifa, akiwa na mfuko wake wa nguo tu. Nikamuuliza santuri ziko wapi.

"Ziko Kisumu. Zimefika. Nimeziona kwa macho yangu."

"Mbona hukuja nazo?"

"Nilisema nitazichukua safari ijayo, nikiwa na nafasi nzuri ya kuziweka. Boksi ni kubwa." Aliuweka mfuko chini. "Sasa mpaka umefungwa."

Na mimi nilikuwa nimesikia habari hiyo redioni, kama kila mtu, lakini nilikuwa nimeisikia kama habari. Jumuiya imevunjika, mpaka umefungwa, mali ya huku ibaki huku na ya kule ibaki kule. Meli ya kaka ilikuwa upande wetu siku hiyo, kwa hiyo ikabaki kwetu. Boksi langu lilikuwa upande wao, likabaki kwao.

"Hukuchukua hata moja?"

"Boksi lilikuwa limefungwa vizuri," akasema. "Sikutaka kuliharibu."

Nilikwenda nje nikachota maji ambayo hayakuhitajika. Niliporudi nikamuuliza jalada likoje, maana alisema moja lilikuwa limebandikwa juu ya boksi. Alitazama vidole vyake.

"Lina minazi."

"Minazi gani?"

"Minazi. Na bahari nyuma."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe haupo. Lakini ni picha nzuri."

Sikuwahi kuona mnazi maishani mwangu. Nilikuwa nimekua kwenye mawe na mtama, nikala ugali wa udaga wa muhogo na furu wa ziwani, na nyimbo zangu zilikuwa na vumbi la barabara ya Bunda ndani yake. Jamaa wa karanga aliona mwanamke anaimba kwa Kiswahili, akasema moyoni mwake: basi huyu ni wa pwani.

Kilichofuata kilinichosha kuliko mpaka wenyewe. Redio ya ng'ambo tulikuwa tukiipata vizuri Mara, na watu waliisikiliza hasa kwa vipindi vya salamu. Mchana mmoja tulikuwa kwenye chumba cha walimu, tunakula mihogo ya kuchemsha, mtangazaji akasoma salamu ndefu za mtu na wajomba zake, kisha akasema, "Na sasa tupate burudani kutoka kwa dada yetu wa Mombasa." Likaingia gitaa langu.

Niliweka muhogo chini. "Huyo ni mimi," nikasema.

Mwalimu wa hesabu akacheka. "Wa Mombasa huyo. Hukusikia?"

"Ni mimi. Nilirekodi Nairobi wakati wa likizo ile."

"Uliniambia ulikwenda kumsalimia kaka yako," akasema mwalimu mkuu.

"Nilikwenda kwa kaka, kisha nikarekodi."

Ili nimalize ubishi nikaanza kuimba pamoja na redio, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Waliacha kula. Wimbo ulipokwisha mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa kwa heshima. "Umeushika vizuri kweli," akasema. "Umeusikia mara ngapi?"

Mwalimu mkuu aliningoja hadi wengine walipotoka. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye nia njema. "Mwalimu," akaniambia taratibu, "kipaji unacho. Lakini kujipa cha mwenzako si vizuri."

Wimbo uliendelea kupigwa miezi kadhaa. Watoto wa darasa la tano waliuimba wakifagia uwanja, na mmoja alinisahihisha nilipoubadilisha kidogo. Na siku moja, sokoni Musoma, nikiwa nachagua sato, afisa utamaduni akanishika bega. Alifurahi kweli kuniona.

"Mwalimu, umemsikia yule dada wa Mombasa? Anaimba kama wewe kabisa. Nikamwambia karani, unaona sasa. Mwalimu yule angejiunga na kikundi, angekuwa amefika pale."

Nilifungua mdomo. Nikafikiria chumba cha walimu. Nikamwambia, "Ni kweli, ndugu afisa," nikamlipa mwuza samaki, nikaenda zangu. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyokubaliana, na ndiyo siku iliyoniuma.

Aliyeniletea santuri hatimaye ni mkwe wa shangazi yangu, Mkurya wa Tarime, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Kwa watu wa kule mpaka ulikuwa kama kijito: umefungwa, ndiyo, lakini harusi lazima ziende na misiba lazima ifikiwe. Rafiki wa kaka alizitoa Kisumu, zikapita mkono hadi mkono, na yule mkwe akaleta fungu dogo. Sikumtuma. Siku hizo magendo halikuwa neno la mzaha, na nilikwisha kuiona kesi: mwalimu wa serikali amekamatwa na magendo ya nyimbo zake mwenyewe. Yeye hakujali. Alisema, "Ni sahani tu, dada. Nani anakamata sahani?"

Alizificha chini ya gunia la mahindi juu ya baiskeli. Kabla ya hapo alikuwa ameziegemeza kwenye ukuta wa jiko lake la bati, kiangazi chote, akingoja nafasi. Na kwa kuwa alikuwa na shughuli ya ng'ombe upande wa Butiama, hakufika Bunda. Alimwachia mama.

Nilipata habari Ijumaa, Jumamosi nikawa kwa mama. Alikuwa anaishi katika kijiji kipya, kwenye mstari wa nyumba zilizofanana, tangu tulipohamishwa kutoka kwenye boma letu la zamani. Niliingia jikoni kumsalimu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda."

Juu ya chungu cha maziwa ya mgando palikuwa na santuri yangu. Juu ya mtungi wa maji palikuwa na nyingine. Ya tatu ilikuwa imekunjika kwa jua mpaka imekuwa bakuli, na ilikuwa nje, kuku wanainywea maji. Majalada alikuwa ameyapanga ukutani kwa uzuri kabisa, minazi kwa mstari, bahari kwa mstari.

"Mama, hizi ni nyimbo zangu."

"Nimeambiwa. Nikazitazama pande zote, sikuona nyimbo. Lakini zinafunika vizuri. Nzi hawaingii."

Sikuwa na nguvu ya kugomba. Niliosha zote, nikazipeleka chumba cha mbele, nikazipanga kwenye meza, nikachagua iliyokunjika kidogo kuliko nyingine. Gramafoni ya kaka ilikuwa bado chini ya kitanda cha mama na betri nilikuwa nimekuja nazo. Nikabandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili usiruke, nikaweka.

Sauti ilipanda na kushuka kama mtu anayeimba juu ya punda. Kila mzunguko gitaa lilizama kidogo, likaibuka, likazama. Lakini lilikuwa langu. Kwa mara ya kwanza, zaidi ya ule wimbo mmoja wa redioni, nilisikia nyimbo zangu zikifuatana kama nilivyozipanga. Niliketi kwenye mkeka. Mama aliketi kwenye kigoda, mikono magotini, uso bila chochote. Jirani alikuja kuazima chumvi, mama akamwonyesha kwa kidole aingie na akae na anyamaze. Karanga zikasikika. Mama akanitazama. "Mwenye studio," nikamwambia. Akaguna.

Upande ulipoisha sindano ikabaki ikikwaruza katikati.

"Huyo anayepigapiga nyuma," mama akauliza, "nani alimkasirisha?"

"Ni dramu, Mama. Ndivyo zinavyopigwa."

"Haya. Geuza."

Sikuwa nimetegemea hilo. Nikageuza. Upande wa pili ndio uliokuwa umeegemea bati. Sindano iliruka, ikateleza hadi mwisho, ikagonga. Nikajaribu santuri nyingine, ikafanya vivyo hivyo. Nikajaribu ile ya mtungi. Mama aliningoja, na jirani naye akangoja, chumvi mkononi. Mwisho nikachukua gitaa langu la zamani la misa lililokuwa limetundikwa ukutani, lenye nyuzi nne kati ya sita, nikaanza kuimba upande wa pili mwenyewe.

Wimbo wa kwanza upande huo ni wa boma letu, lile tulilolivunja tulipohamia kijijini. Nilikuwa nimeutunga Bunda, peke yangu, na Nairobi ndio uliomfanya mpiga dramu aweke vijiti chini. Nilifika kwenye ubeti unaosema mlango wetu ulikuwa ukiutazama mlima.

"Si kweli," mama akasema.

Nikaacha kupiga.

"Mlango ulikuwa unatazama zizi. Nani anajenga nyumba itazame mlima?"

"Mlima unaimbika zaidi, Mama."

"Siku zile za wizi, walioibwa walikuwa ng'ombe. Mlima haukuibwa. Baba yako aliuweka mlango ule hivyo kwa sababu. Alikuwa analala upande huu, akifungua macho anawaona." Alionyesha kwa mkono, hapa kitanda, pale mlango, pale zizi, na jirani akaitikia kwa kichwa, maana naye aliijua nyumba ile. "Rekebisha."

"Umeshachapwa."

"Basi kachape tena."

"Mpaka umefungwa, Mama."

"Hapa umefungwa?" Aliuliza kwa utulivu kabisa. "Imba."

Nikarudia ubeti kutoka mwanzo na nikaweka zizi. Neno lilikuwa fupi mno kwa mahali pale. Ilibidi nilivute, halafu nilimeze, na mdundo ukapinda. Mama aliinamisha kichwa upande, akasikiliza mpaka mlango ukakaa alikotaka. Kisha akainuka kwenda kutazama mboga jikoni, akaniambia kutokea huko niendelee, anasikia.